Kulegeza si kufungua: Kiswahili cha gereji na kauli ya kutendua

MIJADALA yetu kuhusu uwezo wa Kiswahili katika teknolojia ina mazoea ya kuhesabu nomino. Mtu husimama kongamanoni akauliza: kabureta tuiiteje? Klachi je? Wajumbe hugawanyika. Kuna wanaotaka neno lichimbuliwe katika lugha za Kibantu, kuna wanaotaka la Kiarabu, na kuna wanaoridhika na la Kiingereza lililotoholewa. Kikao huahirishwa kwa ajili ya chai, na mwaka unaofuata swali lilo hilo hurudi. Sijawahi kumsikia mjumbe akisimama kuuliza kuhusu vitenzi.

Nadai leo kwamba tumekuwa tukitafuta penye umaskini na kupaacha penye utajiri. Majina ya vipuri huazimwa duniani kote. Gari lilipotoka, majina yake yalitoka nalo. Asichoazima fundi wa Nairobi ni vitenzi. Anavyo, ni vyake, na vina mpangilio uleule ambao mwanafunzi wa sekondari huukariri kwa ajili ya mtihani: anika – anua, bandika – bandua, tega – tegua. Darasani orodha hiyo ina thamani ya alama moja au mbili. Gerejini, mtu akiikosea huvunja chuma, na siku mbaya huvunja shingo.

Mfano wangu unatoka gereji moja pale Kariobangi Light Industries, upande wa Eastlands wa jiji la Nairobi. Msomaji wa Umoja, Buruburu au Dandora hahitaji kuelezwa mandhari yake. Kuna mabati na moshi wa kuchomelea, injini zimening'inizwa kwa minyororo, redio inapigana na nyundo, na mama wa chai anapita na birika lake akijua nani amelipa na nani anadaiwa. Nilikaa hapo siku nne na daftari, kwa idhini ya fundi mwenyewe, nikiandika maneno ya kazi.

Gari lililonivuta lilikuwa Datsun 240Z, gari dogo la michezo la milango miwili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Kwa Mkenya mwenye umri fulani, jina hilo halihitaji maelezo. Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953, ilinyakuliwa na gari la aina hiyo mara mbili: mwaka wa 1971 likiwa mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka wa 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Nusu karne baadaye, yaliyosalia yanathaminiwa sana, hasa tangu yaanze mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, mwaka wa 2003. Hili la Kariobangi lilikuwa limelala uani kwa mtu miaka mingi. Sakafu ililiwa na kutu, na usukani, kwa kauli ya fundi, ulikuwa “unacheza”. Ukiugeuza kidogo kushoto au kulia, magurudumu hayana habari. Ilibidi mhimili wote wa usukani utolewe, kutoka kwenye gurudumu la mkononi hadi kule chini karibu na injini. Na mhimili ulikataa kutoka.

Kabla hatujaenda chini ya boneti, niruhusu nisimame kidogo kwenye neno usukani. Wengi hudhani ni neno la magari. La hasha. Limetoka baharini. Kiarabu kina sukkān, yaani lile bapa linalokaa majini nyuma ya chombo ili kukigeuza, na mabaharia wa pwani yetu walilitumia kwa maana hiyo karne nyingi kabla gari halijaonekana Mombasa. Mkono wa nahodha haukushika usukani. Ulishika kana, yaani mpini unaougeuza usukani ule. Gari lilipofika, neno lilihama kutoka majini likapanda juu hadi mkononi, na kana likaachwa ufuoni. Leo ukimwambia kijana wa Kariobangi “shika kana” atakuuliza kana kwamba nini. Jambo hili linanifurahisha kwa sababu linaonyesha kwamba nomino huhama bila kuomba ruhusa ya kongamano, na kazi huendelea. Fundi wangu, kwanza, hasemi usukani hata kidogo. Husema “steringi”, na mhimili wake ni “kolamu”. (Wapenzi wa filamu nao wana “steringi” wao, yule shujaa asiyekufa hadi picha iishe. Huyo alitokana na neno jingine la Kiingereza, na hana ujamaa na gari.)

Sasa tuifuate kolamu. Juu kabisa kuna gurudumu la usukani. Limevikwa kwenye ncha ya shafti, na vyote viwili vina meno madogomadogo yanayoumana ili kimoja kisizunguke bila kingine. Nati moja kubwa hukaa katikati, imefichwa chini ya kibonyezo cha honi. Shafti hushuka ndani ya bomba lililofungwa kwa bolti chini ya dashibodi, hupenya ukuta unaotenganisha dereva na injini, kisha huingia kwenye kiungo ambacho nacho kina meno. Kiungo hicho ni kama pete yenye ufa. Bolti moja hupita katikati ya ufa na kuubana, pete ikaikumbatia shafti. Baada ya hapo kuna viungo vingine vinavyofikisha mzunguko kwenye magurudumu, lakini habari yetu inaishia kwenye pete hiyo.

Siku ya kwanza nilimkuta mwanagenzi, kijana wa Dandora wa miaka kama kumi na tisa, ameketi kwenye kiti cha dereva akipambana na gurudumu la usukani. Fundi alimwambia akiwa mbali, bila kugeuka: “Legeza hiyo nati, lakini usiitoe.” Kijana akailegeza mizunguko mitatu, akaiacha imeshika ncha. Kisha akalikumbatia gurudumu, akaweka magoti chini yake pande mbili, akawa analivuta huku akilitikisa kushoto na kulia. Baada ya dakika kadhaa likatoka ghafla kwa mlio mkali, likajigonga kwenye nati na kusimama. Nati ile isingekuwapo, chuma kile kingemfikia usoni.

“Umeona, mwalimu?” fundi akaniambia. “Hapo ukitoa nati yote, unakula steringi.”

Kwa hiyo, kwenye ncha ya juu, kitenzi sahihi ni kulegeza. Anayetoa anaumia.

Tukaenda chini. Mwanagenzi aliagizwa “afungue” bolti ya kile kiungo cha pete, iliyofichika nyuma ya mabomba, mahali ambapo mkono hufika lakini jicho halifiki. Akaingia na spana, akatoka na kutu hadi kwenye viwiko. Bolti za dashibodi zikatolewa. Wanaume wawili wakaishika kolamu kutoka ndani ya gari wakavuta, nayo haikusogea hata kidogo. Wakamwagia mchanganyiko wao wa mafuta taa na oili ya giaboksi, wakaiacha ilale. Asubuhi wakavuta tena. Wakapasha pete moto, maana chuma kikipashwa hupanuka, na pete iliyo nje ikipanuka kabla ya shafti iliyo ndani huiachia. Nayo haikuachia. Mtu mmoja akataka nyundo kubwa. Fundi akamkatalia kwa ukali ambao sikuuelewa papo hapo, nitaueleza.

Badala ya nyundo alimwita mwanagenzi.

“Ulifungua hiyo bolti ya chini?”

“Nilifungua, fundi.”

“Yote?”

“Nilifungua.”

Fundi akalala juu ya boneti kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka kisimani, akapenyeza mkono hadi begani, akapapasa. Akatulia. Kisha akasema pole pole, “Kijana, hii hujafungua. Umelegeza tu.”

“Si ni hiyo hiyo?”

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya, na ningependa walimu wenzangu wa sarufi walisikie kama nilivyolisikia. Si ni hiyo hiyo? Hapana. Shafti ile, kwenye meno yake, imechongwa mfereji mdogo unaoikata kwa upana. Bolti haipiti kando ya shafti tu, inapita ndani ya mfereji huo. Waliounda kiungo hicho walifanya hivyo kwa makusudi: hata bolti ikilegea barabarani, shafti haiwezi kuchomoka na kumwacha dereva ameshika gurudumu lisilogeuza kitu. Bolti hiyo, ikiwa imelegezwa mizunguko minne au kumi, bado ni komeo. Unaweza kuvuta, kupasha moto na kumwaga mafuta hadi Krismasi. Ni mpaka itolewe yote, ishikwe mkononi, ionekane. Vyuma havikuwa vimeshikana sana kama tulivyodhani. Kilichokuwa kimekwama kwa siku nzima na zaidi ni kitenzi.

Lakini simlaumu kijana. Aliagizwa “afungue”, na katika Kiswahili cha Nairobi kitenzi kufungua kimebebeshwa mzigo usio wake. Tunafungua mlango, duka, akaunti, soda, simu, mkutano na shule. Gerejini, “kufungua injini” ni kuibomoa yote vipande vipande, ilhali “kufungua nati” kunaweza kuwa kuizungusha nusu mzunguko tu ili isikaze. Kitenzi kimoja kinachukua hatua mbili zilizo mbali. Kwenye ncha ya juu fundi alichagua maneno yake kwa uangalifu: legeza, usitoe. Kwenye ncha ya chini, pengine kwa uchovu, alisema neno la jumla. Ncha mbili za shafti moja, zilizo umbali wa kama mita moja tu, zinadai vitenzi vilivyo kinyume: huku ukitoa unaumia, kule usipotoa hupati kitu.

Hapa ndipo kauli ya kutendua inapoingia, nami naomba uvumilivu wa msomaji aliyeiacha shuleni. Lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi kinachogeuza tendo. Kikuyu husema hinga kwa kufunga na hingũra kwa kufungua. Katika Kiswahili l au r ya kale imedondoka, tukabaki na -u- au -o-: funga – fungua, ziba – zibua, kunja – kunjua, nasa – nasua, choma – chomoa. Kuna kundi la pili, na hili ndilo linalomfaa fundi, ambamo tendo la kuweka hubeba -ik- au -ek- na la kuondoa hubeba -u- au -o-: bandika – bandua, pachika – pachua, chomeka – chomoa, funika – funua. Mzizi wa katikati haubadiliki. Unaeleza namna vitu viwili vilivyokutana: kubanda ni kukaa juu ya uso, kupacha ni kukaa katika nafasi iliyoandaliwa, kuchoma ni kuingia ndani kwa ncha. Kitenzi cha kutendua hakisemi tu “ondoa”. Kinasema: ondoa kwa njia ileile kilichoingilia.

Kwa hiyo fundi anayesema “chomoa shafti” ametoa maelezo ya kiufundi. Amesema kwamba shafti iliingia kwa ncha, imenyooka, na lazima itoke imenyooka katika mstari wake. Akisema “bandua” kuhusu mpira wa kuzuia vumbi uliogandishwa ukutani, amesema uanzie ukingoni kwa ncha ya bisibisi. Akisema “pachua” kuhusu kibonyezo cha honi, amesema kuna nafasi na vishikizo, tafuta kilipo kishikizo kwanza. Ni hatua ambazo mwongozo wa kiwandani huzieleza kwa sentensi nzima na mchoro.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kanuni zisizo na mwanya: si kila -u- hugeuza. Kuchimbua si kinyume cha kuchimba. Ni kuchimba hadi kitu kikatoka. Kukamua si kinyume cha kile kitenzi cha kale cha kukama. Ni kukama kwa nguvu zaidi. Na kuna matendo ambayo hayana mwenzake kabisa. Kukaza hakuna *kukazua, ndiyo maana tunakimbilia kulegeza, kitenzi cha ukoo mwingine. Nadhani upweke huu wa kulegeza umechangia kuvurugika kwake: hakina pacha wa kukilinda, hivyo kufungua kimekimeza.

Kung'oa nacho kimesimama peke yake, ingawa kwa sababu nyingine. Unang'oa jino, kisiki, muhogo. Hakuna kitenzi cha kurudisha kilichong'olewa, wala watu hawakukihitaji. Nilisikia neno hilo mara moja tu siku hizo nne. Yule bwana wa nyundo kubwa alisema, “Wacha niing'oe hii kitu,” na fundi akamjibu, “Haing'olewi hiyo. Inachomolewa.” Ukali wake ulikuwa na sababu. Marekani iliweka masharti mwaka wa 1968 kwamba mhimili wa usukani usiweze kumchoma dereva kifuani gari likigongana. Watengenezaji waliotaka kuuza huko, Datsun miongoni mwao, wakaanza kuunda mihimili inayojikunja: sehemu mbili zinazoingiliana kama darubini ya baharia, zikishikiliwa na vitu vilivyokusudiwa kuvunjika. Ukiipiga shafti ya namna hiyo nyundo ya nguvu kwenye ncha, unafanya kazi ya ajali. Sehemu zinaingiana na vishikizo vinavunjika. Kolamu inakuwa fupi na haina ulinzi tena, na kwa gari la umri huo kuipata nyingine ni kuagiza ng'ambo na kusubiri.

Basi ikitolewa bolti, na shafti bado ikasitasita kwa kutu, nyundo ilitumika, ila kwa agizo hili: “Gongagonga hapo kwa pete. Usigonge, gongagonga.” Msikilizaji asiyejua Kiswahili angedhani fundi amejikanganya. Sisi tunajua kwamba kurudufisha kitenzi hupunguza nguvu na kuongeza idadi: kugonga ni pigo, kugongagonga ni mapigo mengi mepesi yanayoitetemesha kutu hadi iachie. Mwanagenzi hakuhitaji ufafanuzi. Akazunguka pete kwa nyundo ndogo, huku mwenzake akigusagusa shafti kutoka ndani, na baada ya muda mfupi sauti ya chuma ikabadilika, ikawa nzito kidogo. “Imekubali,” mtu akasema.

Hilo nalo ni neno la kazi. Gerejini vyuma hukataa na kukubali. Nati “imekataa”, bolti “imeshika”, gia “imegoma”, na baada ya jasho “imekubali”. Wapo wasomi watakaoliita hili tashihisi na kuliweka kwenye sura ya fasihi. Mimi naliona ni sarufi ya adabu ya kazi: kitu kilichokataa hushawishiwa. Juu ya hayo yote kuna jozi inayostahili kusifiwa, kukwama na kukwamua. Magazetini tumeizoea katika “kukwamua uchumi” hadi tumesahau kwamba ni neno la matope. Kukwamua si kuvuta kwa nguvu zaidi. Ni kuondoa kile kilichosababisha kukwama, jiwe lililo mbele ya gurudumu au bolti iliyo ndani ya mfereji. Mafundi walivuta kwa siku nzima. Kukwamua kulichukua muda wa kuitoa bolti moja.

Kuna tawi la kauli hii ambalo lina uzito hata nje ya gereji. Kutoka kufungua tunapata kufunguliwa na kufunguka. Nati iliyofunguliwa ina mtu aliyeifungua. Nati iliyofunguka haina mtu. Sikiliza mazungumzo ya fundi na mteja ambaye gari lake limerudi likiwa na kasoro, na utasikia vita vya viambishi: “Ilifunguka yenyewe.” “Haikufunguka, haikukazwa.” Kwa kibaniko cha breki huenda hayo yakawa maneno ya kulipana fidia. Kwa kiungo cha usukani ni maneno yanayoweza kuandikwa katika taarifa ya ajali. Mkalimani wa mahakamani anayetafsiri “ilichomoka” na “ilichomolewa” kwa neno moja la Kiingereza amemtia mtu hatiani au amemwachilia bila kujua.

Nimesema nomino si shida, na pengine nimezidisha. Yako majina ya vifaa ambayo Kiswahili kinayo na gereji haiyajui. Lile banio kubwa lililopigiliwa mezani, ambalo kila mtu pale huliita “vaisi”, kamusi inalijua kama jiliwa. Keekee, kifaa cha kutobolea, niliitaja nikachekwa. Spana huitwa kwa namba yake ya Kiingereza, “fotini” au “tweluvu”, na parafujo, neno la Kireno lililoingia pwani enzi za Vasco da Gama na wenzake, limesukumwa kando na skrubu. Siwezi kuyalilia. Mtu anayeomba “fotini” anapewa kile anachotaka, mara ya kwanza, bila kurudia. Neno likifanya hivyo halina deni kwangu. Kamusi za istilahi zimefanya kazi ya maana. Ile ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1990 bado ninaitumia. Ila zifungue, uone jinsi kurasa zake zilivyojaa nomino.

Ninachokililia ni darasa. Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha kwa Kiingereza. Miongozo ya magari, pale inapopatikana, ni ya Kiingereza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini urasmi huo haujafika chini ya boneti. Matokeo yake ni kwamba mwanagenzi wa jua kali hujifunza kazi kwa Kiswahili na Sheng, kisha akitaka cheti hukutana na kazi ileile katika lugha nyingine. Kijana wetu wa Dandora anajiandaa kwa jaribio la ufundi la daraja la tatu linalosimamiwa na NITA. Anaweza kuitoa kolamu ile gizani. Swali linalomtaka aeleze kwa maandishi hatua za kuitoa ni jambo jingine.

Sipendekezi tume wala kongamano. Napendekeza kazi ndogo inayoweza kufanywa na idara moja ya Kiswahili na wanafunzi wachache wenye viatu vya kuchafuka: waende Kariobangi, Kamukunji na Grogan, wakusanye vitenzi, waviandike pamoja na kitu kinachotendwa na kifaa kinachotumika. Legeza: zungusha, acha mahali pake. Toa: ondoa hadi kionekane mkononi. Chomoa: vuta katika mstari kilimoingilia. Bandua: anzia ukingoni. Gongagonga: mapigo mengi mepesi, usibadili umbo. Mafundi tayari wanavijua. Kinachokosekana ni kuvikubalia kwa pamoja, ili kufungua kipunguziwe mzigo na agizo moja lieleweke vilevile Kariobangi na Kongowea.

Fundi mwenyewe hakungoja idara yoyote. Siku ya tatu tulifikia kufuli la usukani, lile linaloufunga usukani ufunguo ukitolewa. Limeshikiliwa na bolti za aina ya pekee: zikikazwa hadi kiwango fulani, kichwa chake hukatika chenyewe, ili mwizi asipate pa kuweka spana. Bolti zilizoundwa zisifunguliwe. Mwanagenzi akauliza, safari hii kabla ya kugusa kitu: “Hii ni ya kulegeza ama ya kutoa?”

“Hiyo haina kufungua,” fundi akasema. “Unaitoboa kidogo, alafu unaizungusha na tindo, ukigongagonga. Ikilegea, itoe yote. Na uniletee nione.”

Nilihesabu vitenzi vya agizo hilo nikaviandika. Jioni kijana aliniomba nimwandikie Kiingereza cha legeza, toa, chomoa na gongagonga, kwa ajili ya jaribio lake. Viwili vya kwanza nilimwandikia tukiwa tumesimama. Chomoa ilinichukua muda, na kwa gongagonga nikaishia kumwandikia mstari mzima.